Kisa cha Sajini, mbwa wa Kibuli na usiku wa fataki

Tarehe 2 Januari 2024, asubuhi na mapema, Hajati, mwenye mbwa huyu, anayekaa Kibuli, kilima kimoja cha Kampala, Uganda, alinipigia simu kabla sijafungua hata mlango wa kliniki yangu ya wanyama. "Daktari mwanangu, njoo umwone huyu mnyama alivyojifanya." Nilimkuta Sajini nyuma ya tangi la maji, amejikunja kwenye tope, hataki kuinua kichwa. Kucha tatu za mguu wa mbele wa kulia zilikuwa zimeng'oka. Chini ya geti la bati palikuwa na shimo lililochimbwa, na kwenye ukingo wa bati damu iliyokauka imenasa manyoya ya kahawia. Usiku wa mkesha wa Mwaka Mpya alikata mnyororo, akachimba, akapenya. Aliokotwa kesho yake jioni upande wa Nsambya na kijana wa boda boda aliyemfahamu kwa sura. Posho, yaani ugali wa mahindi, hakuigusa hadi tarehe 3.

Ninaandika kisa hiki kwa kirefu kwa sababu kila Januari naletewa mbwa wa namna hii, na karibu kila mara mwenye mbwa ameambiwa kwamba mnyama wake ni mwoga tu, au ni mkaidi, au atazoea. Sajini hakuzoea. Kila mwaka alizidi kuharibika.

Ni mbwa wa kienyeji, dume, kilo 24. Marehemu mume wa Hajati, mwanajeshi mstaafu, alimleta nyumbani mwaka 2020 akiwa hajaacha hata kuyumba miguu, akampa cheo hicho. Mwezi Novemba mwaka huohuo, tarehe 18 na 19, baada ya mgombea urais Robert Kyagulanyi kukamatwa kule Luuka, mashariki mwa Uganda, risasi na mabomu ya machozi vilirindima Kampala siku mbili. Sajini alikuwa na miezi kama minne, akashinda chini ya gari. Hajati anaamini ndipo hofu ilipoanzia, nami sina sababu ya kumbishia. Miaka iliyofuata fataki za mkesha zikawa msiba. Kisha ngurumo za mvua. Kufikia mwaka 2023 hata boda boda inayopiga mlipuko kwa bomba la moshi ilimfanya akimbilie nyuma ya tangi. Hivyo ndivyo hofu ya kelele inavyofanya kazi kwa mbwa: isipotibiwa haibaki mahali pake, hushika na sauti nyingine zinazofanana nayo, hata zile ambazo mwanzoni hazikumsumbua.

Kibuli nayo haisaidii. Ukisimama kwenye ua wa Hajati unaona bonde lote hadi vilima vya Nakasero na Kololo, na saa sita usiku fataki za hotelini hupanda mbele ya macho yako kana kwamba ziko kwa jirani. Mishindo inagonga kilima, inarudi. Upande wa pili ni Kabalagala na baa zake. Masikio ya mbwa hunasa sauti za juu sana kuliko yetu. Sisi tunakomea kwenye masafa ya herzi 20,000 hivi, yeye anapita 40,000. Ule mluzi mwembamba unaotangulia mshindo, ambao sisi tunausikia kidogo tu au hatuusikii, yeye unamfikia wote.

Kabla yangu walishajaribu mambo mawili. Desemba 2022 askari wa geti alinunua vidonge vya kumlaza mbwa kwenye duka moja la dawa za mifugo. Sajini alilegea, akaanguka ubavu, hakusumbua mtu. Hajati aliridhika. Lakini nilipomwuliza macho yalikuwaje, alikaa kimya kidogo, kisha akasema: "Yalikuwa wazi. Na alikuwa anahema kama aliyekimbia." Nilipooneshwa pakiti nilikuta ni asepromazini. Dawa hiyo hulegeza mwili lakini peke yake haiondoi hofu. Mbwa anasikia kila mshindo, anaogopa vilevile, ila miguu haimtii tena. Niliumia kusikia hilo, kwa maana hakuna aliyemtakia mabaya. Walitaka alale tu. Jaribio la pili ni ule mnyororo wa 2023, na matokeo yake nimeshayaeleza.

Januari ile nilisafisha vidonda, nikafunga mguu, nikaomba tuanze matayarisho mapema safari hii. Nilikosea jambo moja. Alikuwa anachechemea, nami nikadhani ni kucha. Oktoba niliporudi kumchoma chanjo ya kichaa cha mbwa, kucha zilikuwa zimeota zamani na bado alikuwa anachechemea, safari hii nikaona wazi kwamba ni mguu wa nyuma. Nilimshika paja la kushoto nikalivuta nyuma polepole. Hakulia. Aligeuza kichwa, akalamba midomo mara mbili, akapiga mwayo. Kwa mbwa asiye na usingizi wala njaa, hayo ni maneno kamili. Picha ya eksirei ilionyesha kiungo cha nyonga kimeanza kulika.

Uhusiano wa maumivu na kelele watu wengi hawaujui, hata baadhi yetu tuliosomea kazi hii. Mwaka 2018 watafiti wa Brazil na wa Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha kazi kuhusu mbwa wenye hofu ya kelele, wengine wakiwa na maumivu ya misuli au viungo na wengine hawana. Wale wenye maumivu hofu yao ilikuwa imechelewa kuanza, na ilikuwa imeenea kwenye mambo mengi zaidi. Maelezo yao yanaingia akilini: mbwa akishtuka, mwili mzima unakaza, kiungo kibovu kikikazwa kinauma, basi kila mshindo unakuja na kichomi chake. Kwa Sajini hofu ilianza utotoni, lakini ninaamini nyonga ndiyo iliyoichochea miaka ya karibuni. Nilimwanzishia meloksikamu, dawa ya maumivu ya viungo, nikipanga kipimo kwa uzito wake, apewe pamoja na chakula. Nilimkataza Hajati asijaribu kumpa dawa za maumivu za watu zilizomo kabatini mwake. Ibuprofeni au diklofenaki inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo.

Ndipo tukafika kwenye suala la mahali.

Ushauri wa kawaida ni kumwingiza mbwa ndani ya nyumba, chumba cha katikati, mbali na madirisha. Niliusema. Hajati akanitazama kwa upole. "Mwanangu, unajua sivyo. Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Marehemu alimweka kwa ulinzi, na ulinzi uko nje." Sikuwa na la kubisha, wala sikutaka. Ushauri usioweza kufuatwa na mwenye nyumba si ushauri. Tukazunguka ua pamoja, yeye mbele na fimbo yake, tukaangalia kila kona. Banda la mbwa halikufaa: la mbao, limeelekea bondeni, na ndimo anamofungiwa mchana kutwa ili afunguliwe usiku, kama nyumba nyingi za Kampala zinavyofanya. Kwake ni kifungo. Nyuma, kwenye vyumba vya wafanyakazi, palikuwa na stoo ya matofali, dirisha moja dogo linalotazama ukuta wa jirani. Ndani kulikuwa na magunia ya pumba, jembe, na godoro kuukuu.

Stoo ile ndiyo iliyomwokoa Sajini. Godoro lilisimamishwa dirishani likaziba mwanga na kupunguza sauti. Magunia ya pumba yalipangwa kwenye ukuta wa upande wa bondeni, tukaacha pembe moja yenye upana wa mbwa aliyejikunja. Mablanketi mawili ya zamani yakatandikwa humo. Mlango haukufungwa hata siku moja. Hilo nililisisitiza mno, kwa sababu mahali pa usalama anapafanya mbwa mwenyewe kwa kuingia na kutoka apendavyo. Ukimfungia umemjengea jela ya pili. Kwa wiki mbili chakula chake chote kiliwekwa mle, posho na mapafu ya ng'ombe yaliyochemshwa. Wiki ya tatu mjukuu wa Hajati, kijana wa kidato cha tatu, alimkuta amelala mle mchana, miguu juu. Alinipigia simu kunieleza, nami nilifurahi kuliko alivyotarajia.

Mazoezi ya sauti tuliyaanza Novemba mosi kwa simu ya mjukuu na spika ndogo. Unacheza mlio wa fataki kwa sauti ya chini kabisa, kiasi kwamba mbwa anageuza sikio tu na kuendelea na shughuli zake. Mlio ukipita, anapata kitu kitamu. Kitamu chenyewe tulichagua mukene mkavu, yaani dagaa wa ziwani. Ni rahisi, ananuka vizuri kwa pua ya mbwa, na askari angeweza kubeba kiganja kizima mfukoni. Siku kadhaa zikipita mbwa ametulia kabisa, unapandisha sauti kidogo mno.

Mpangilio ndio roho ya zoezi hili. Mlio kwanza, mukene baadaye. Juma la pili nilienda kuwaangalia nikakuta jambo lililonisumbua: askari akitikisa kopo la mukene, Sajini anarudi nyuma na kufyata mkia. Niliketi nikatazama. Askari alikuwa anatikisa kopo ili kumwita, mbwa anakuja, ndipo simu inapiga mlio. Kwa mbwa maana ilikuwa wazi: kopo likilia, baruti inakuja. Chakula kilikuwa kimegeuka kengele ya hatari. Tuliacha kopo, tukahamishia mukene mfukoni, na kwa siku nne hakukuwa na mlio wowote, mukene wa bure tu hapa na pale. Alirudi sawa. Naandika haya kwa sababu kosa hilo ni dogo na mtu anayelifanya anaweza kuamini kwamba anafuata maelekezo barabara.

Kosa jingine lilikuwa langu. Katikati ya Novemba, nikiona anaendelea vizuri, nilimwambia mjukuu apandishe sauti vipimo viwili kwa mara moja. Sajini alitoka stoo na siku mbili hakuingia. Tukashuka, tukaanza upya chini zaidi ya pale tulipoanzia.

Spika ndogo ina upungufu wake: haitoi ule mshindo mzito unaogonga kifua. Mvua ndizo zilizotusaidia. Huku kwetu kando ya ziwa radi ni nyingi, na Novemba hiyo hazikukosekana. Tukakubaliana kwamba kila ngurumo, ya karibu au ya mbali, ifuatwe na mukene, saa yoyote, na yeyote aliye karibu. Askari ndiye aliyelishika jambo hili kwa moyo wote. Alikuwa anasema "Radi, mukene" kama wimbo wa kazi, na usiku wa mvua alikaa mlangoni pa stoo na koti lake la plastiki akihesabu. Aliyewahi kumfunga mbwa mnyororo sasa ananipigia simu saa tano usiku kuniambia, "Daktari, amekula kumi na tano na amekataa mbili." Mwaka 2020 mtafiti wa tabia za mbwa, Stefanie Riemer, alichapisha utafiti uliotokana na majibu ya wenye mbwa zaidi ya 1,200 kuhusu njia walizojaribu dhidi ya hofu ya fataki. Njia hii ya kumpa mbwa kitu kizuri kila mshindo unapotokea, bila ufundi mwingine, zaidi ya asilimia 70 walisema iliwasaidia. Matone ya mitishamba, mafuta ya kunukia na vitu vya jamii hiyo vilibaki chini sana, baina ya asilimia 27 na 35. Hajati alikuwa tayari kununua matone aliyoletewa na jirani. Nilimwomba fedha hiyo aitie kwenye mukene.

Hapo pana swali ninaloulizwa kila mara: je, kumpa mbwa chakula au kumbembeleza akiogopa si kumfundisha aogope zaidi? La. Hofu si ujanja anaoutenda mbwa ili alipwe. Mtoto akiamka na jinamizi ukamshika mkono, hutamfanya aote vibaya kesho. Akija kwako, mpokee. Akitaka kujificha, mwache ajifiche, usimvute kumwonyesha kwamba hakuna kitu.

Kwa usiku wenyewe mafunzo hayangetosha. Miezi miwili ni michache kwa hofu ya miaka minne. Nilimwandikia trazodoni, dawa ya watu inayotumiwa pia kwa mbwa, ambayo hupunguza wasiwasi wenyewe. Desemba 14, siku ya kawaida isiyo na kelele, tulimpa dozi ya majaribio ili tuone inavyomchukua: baada ya saa moja na nusu alikuwa mtulivu, anatembea sawa, anaitika jina lake. Usimpe mbwa dawa mpya mara ya kwanza usiku wa fataki. Wapo wachache wanaochachamaa badala ya kutulia. Polisi huwataka wenye kumbi waombe kibali cha fataki, na fataki kubwa huwa za saa sita kamili, kwa hiyo muda wa dawa ulikuwa rahisi kupanga.

Mambo mengine yalikwisha kwa siku moja: pengo chini ya geti likajazwa zege, ukanda wa shingo ukaandikwa namba ya simu kwa wino usiofutika, banda likafungwa tupu.

Desemba 31, 2024. Saa kumi jioni alitembezwa hadi akachoka, kukiwa bado na mwanga. Saa kumi na mbili alikula posho nyingi kuliko kawaida. Saa nne na robo usiku alimeza trazodoni ndani ya kipande cha pafu. Askari alitakiwa getini, kwa kuwa usiku huo wezi nao hawalali, hivyo aliyekaa ndani ya stoo ni mjukuu, amevaa kanzu kuukuu aliyoitenga kwa kazi hiyo. Alijua cha kufanya baadaye kwa mate ya mbwa: maji mara saba, moja kwa udongo. Hajati aliweka kiti chake nje ya mlango, shali begani, akasema atakaa kidogo tu. Feni iliwashwa ivume, na redio kando yake. Mimi nilikuwa nimesimama karibu na tangi la maji na daftari langu.

Saa tano na dakika arobaini umeme ukakatika.

Feni ikazima, kimya kikaingia, na papo hapo fashifashi za watoto zikalia mtaa wa chini. Sajini aliinuka, mkia chini ya tumbo, akaja hadi mlangoni. Nilimwona kwa mwanga wa simu: mboni zimepanuka, mate yanamdondoka. Mjukuu hakumshika. Alitupa mukene kwenye blanketi, mmoja, mwingine, mwingine. Hajati kwa upande wake alianza kuongea na mbwa kwa sauti ileile ya kawaida anayomsemesha kila asubuhi akitoka kuswali, akimwuliza habari za kuku na za paka wa jirani. Sikuwahi kumsikia akiongea naye kwa muda mrefu hivyo. Redio ya betri ilipatikana kwa askari, ikaletwa mbio.

Saa sita fataki za Nakasero zikapanda zote kwa pamoja. Bati la stoo lilitetemeka. Sajini alijitupa pembeni mwa magunia, akatetemeka mwili mzima, akachimba blanketi kwa nguvu. Mukene wa kwanza hakuugusa. Wa pili pia. Niliandika dakika: 1, 2, 3, hajala. Dakika ya 4 pua ilisogea. Dakika ya 6 alichukua mmoja, akautema, akauchukua tena. Tangu hapo alikula baada ya karibu kila mshindo, huku akitetemeka, macho kwa mjukuu. Fataki kubwa zilidumu kama robo saa, na zile za rejareja zikaendelea hadi baada ya saa saba. Hakuelekea getini hata mara moja. Saa saba na nusu alitoka mwenyewe, akakojoa kwenye mgomba, akarudi ndani. Hajati alikuwa bado yuko kwenye kiti chake.

Asubuhi alimaliza posho yote.

Hajapona. Machi 2025 mvua zilipoanza bado alihema radi ikipiga karibu, ila alikwenda stoo badala ya kwenda getini, na ndani ya dakika chache alitafuta mfuko wa askari. Nyonga inaendelea na matibabu. Napima damu yake kila baada ya miezi mitatu kuangalia figo na ini, na uzito tumeupunguza kwa kilo moja. Uchaguzi ulikuwa umepangwa Januari 2026, na Hajati aliniuliza mapema kama milio ya risasi tungeweza kuifanyia mazoezi kama tulivyofanya fataki. Nilimwambia tungeanza mwezi wa nane, kwa sauti ya chini kabisa. Godoro aliagiza lisiondolewe dirishani.